Jike wa Kigingi cha Tisa

Nilioka skonzi siku ile kwa sababu Desmond Prowse anazipenda, na nilitaka awe na kitu mdomoni nitakapomwambia. Nikatoa jamu ya tini, ile ile aliyoilamba mpaka kwenye kijiko mwaka 2009, nikamwekea na kikombe chake cha siku zile, chenye maua ya bluu na ufa karibu na mkono. Kama kuna mtu wa Kulgaring atakayekuambia kwamba Verna Tilbrook ni mwepesi wa kusamehe, mtu huyo ni mgeni hapa.

Juma moja kabla nilikuwa nimempigia simu kule Perth, ofisini kwake makumbusho.

"Des," nikamwambia, "jike amepatikana."

Nilimsikia akivuta kiti. "Jike yupi?"

"Unao wangapi unaowatafuta?"

"Amepatikana wapi, Bi Verna? Nani kampata?"

"Yupo huku kwangu. Njoo Alhamisi saa nne, chai itakuwa tayari. Na koleo lako uje nalo."

Koleo lenyewe halikuwa na kazi yoyote. Nilitaka tu alibebe njia nzima kutoka Perth.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana chuki hii ina umri. Dada yangu Glenys alinizidi miaka minne. Hatukuolewa, si yeye wala mimi, na baba alipokufa tulibaki na shamba lake la ngano na kondoo. Mimi nilichukua trekta na kondoo. Yeye alichukua jiko na bustani, na muda wote uliobaki akaupeleka kwa buibui. Nyuma ya banda la kukatia manyoya kuna ukanda mwembamba wa mikaratusi ambao baba aliuacha bila kuufyeka kwa sababu mawe yake yalimvunjia majembe mawili ya trekta. Chini ya mikaratusi ile wanaishi buibui wa milango.

Buibui hawa hawatandi utando ukutani. Kila mmoja huchimba shimo lake ardhini, refu kiasi cha mkono wa mtu kutoka kiwiko hadi kidole, akalizungushia hariri ndani, kisha akalitengenezea kifuniko cha udongo kinachofunguka na kufunga. Hukaa chini ya kifuniko hicho akingoja mdudu apite. Jike akishachimba shimo lake, akiwa mdogo kama punje ya mchele, hatoki tena maisha yake yote, na maisha yake yanaweza kuwa miaka thelathini na zaidi. Dume hutoka mara moja tu, akishapevuka. Husubiri mvua ya kwanza ya Mei, akatembea kutafuta mlango wa jike, na baada ya hapo hufa. Ndiyo maana wataalamu hunasa madume kwa urahisi na majike kwa taabu, na kumjua jike yupi ni wa dume yupi ni kazi inayowagombanisha miaka na miaka.

Glenys alipigilia kigingi cha chuma chenye namba pembeni ya kila shimo, kuanzia mwaka 1986. Vilifika arobaini na kitu. Kila asubuhi alipita na daftari, akaandika nani kafungua, nani kaziba, nani kafa. Namba tisa alikuwa kipenzi chake. Alimkuta mwaka 1988, mlango wake ukiwa mdogo kama kifungo cha shati. Ukimgusa kifuniko kwa unyasi aliushika unyasi akavutana nawe, na Glenys alicheka kila mara kana kwamba hajawahi kuona. Alikuwa na sheria moja tu: mwenye kigingi haguswi. Asichimbwe, asihamishwe, hata kwa ajili ya sayansi.

Alikuwa na desturi nyingine pia, na hii ndiyo iliyomponza Prowse. Mwaka 1994 walikuja watu wa mjini wanaouza buibui kwa watu wanaowafuga kwenye masanduku ya vioo, wakachimba ukanda mmoja wa kando ya barabara wakaumaliza kwa siku moja. Tangu hapo Glenys hakuandika mahali pa kweli kwenye lebo yoyote. Lebo ya buibui ni kikaratasi kinachozama ndani ya kichupa pamoja naye, kwenye spiriti, kimeandikwa kwa penseli kwa kuwa wino hufutika. Humo mtu huandika nani kamkusanya, lini na wapi. Glenys aliandika jina na tarehe sawasawa, lakini mahali alipasogeza kilomita thelathini mashariki. Pa kweli palibaki kwenye daftari lake, na daftari lilibaki chini ya kitanda.

Prowse alikuja Mei ya 2009. Mrefu, mpole, kofia mkononi kabla hajafika mlangoni. Alikaa siku tatu. Glenys hakuwa amepata kuongea na mtu anayewajua buibui uso kwa uso, na alichangamka kama msichana. Walishinda wamelala kifudifudi kwenye majani makavu, wakimchokoza namba tisa. Siku ya mwisho Glenys akamwonyesha dume aliyenasa kwenye kopo alilofukia ardhini, mweusi mwenye miguu ya shaba, ambaye hakufanana na kitu chochote kitabuni.

"Niachie nikamtazame kwa hadubini ya kweli," Prowse akasema. "Nitakuandikia kila nitakachokiona, Glenys. Hii kazi ni yako."

Barua haikuja. Baada ya miaka miwili lilikuja jarida, lile ambalo Glenys alikuwa akiletewa kila robo mwaka. Humo mlikuwa na spishi mpya, na Prowse ameipa jina la mkuu wake wa idara, mtu ambaye hajawahi kupiga goti kumtazama buibui. Kielelezo kimoja tu duniani, dume. Amenaswa na D. Prowse mwenyewe, hifadhi ya Yorrabin, tarehe 11 Mei 2009. Mwishoni alimshukuru mkewe, alimshukuru mkuu, alimshukuru na fundi wa gari lake. Tilbrook hakuna.

Glenys alikaa mezani pale pale nilipomwekea Prowse kikombe, saa nzima. Sijawahi kumwona mtu akizeeka kwa saa moja ila siku ile.

"Tuwaandikie makumbusho," nikamwambia. "Leo hii. Nitaendesha mwenyewe mpaka Perth."

"Tuwaandikie tukiwa na nini, Verna? Lebo yangu ameshaitupa. Nani atamwamini bibi wa kondoo amwache daktari?"

Kisha akalivuta jarida tena, akasoma, na akaanza kucheka. Nilidhani akili imemruka.

"Amenakili mahali," akasema. "Yorrabin. Ameandika Yorrabin, halafu ameapa kwamba alikuwepo."

"Na kule wapo?"

"Kule ni mchanga mtupu, mdogo wangu. Hakuna hata mmoja. Na hana jike. Atamtaka jike, lazima, spishi bila jike ni kiatu kimoja." Akafuta macho. "Mwache achimbe."

Na alichimba. Kwenye ramani ya vitabu buibui wetu alikuwa na nukta moja tu, na nukta ilikuwa juu ya mchanga wa Yorrabin. Kila Mei, mvua ya kwanza ikinyesha, pikapu nyeupe ya Prowse ilipita mbele ya geti letu kuelekea mashariki. Nilikuwa juu ya trekta nikipanda ngano, nikampungia mkono. Naye alinipungia. Siku tano, sita, akarudi mgongo umepinda na pikapu tupu. Sitadanganya, nilikuwa nikisubiri Mei kama watoto wanavyosubiri Krismasi.

Lakini mwaka 2018 moyo wa Glenys ulisimama, na utamu wote ukaisha. Siku ya mazishi Prowse alituma maua. Kadi ilisema, "Kwa msaidizi wetu mwaminifu wa mashambani." Msaidizi. Niliyatupa maua yale kwa kondoo, wakayala, na nikiwa pale nimeshika uzio nikaamua. Nilitaka jina la dada yangu liandikwe juu ya buibui wake, na nilitaka Prowse awe hai wa kuliona likiandikwa. Kitu kingine sikukitaka.

Njia sikuwa nayo mpaka Februari ya 2022. Dhoruba ilikata umeme siku mbili na friza ikaanza kuvuja. Chini kabisa, chini ya mapaja ya kondoo na njegere, nilikuta kopo la aiskrimu lililofungwa kwa utepe. Ndani mlikuwa na kichupa, na ndani ya kichupa mguu mmoja wa buibui, mweusi kwenye paja na wa shaba kwenye ncha, na kikaratasi cha penseli. Mguu wa tatu wa kulia. Dume. Nyuma ya banda, mita sita kutoka kigingi cha tisa, 3 Mei 2009. G. Tilbrook.

Nilikwenda kulitafuta lile jarida na kwa mara ya kwanza nikalisoma mwenyewe, kamusi pembeni. Ukurasa wa pili, katikati ya vipimo, Prowse ameandika: mguu wa tatu wa kulia haupo. Nikakaa sakafuni maji ya friza yakinilowesha sketi. Glenys alimng'oa dume yule mguu mmoja kwa ajili ya vipimo vya vinasaba, kama wanavyofanya wataalamu wote, akauhifadhi, na Prowse akaondoka na mwenye mguu pungufu.

Basi alikuwa na ushahidi miaka yote tisa, na hakuutoa. Najua kwa nini. Kuutoa ule mguu ni kutoa na mahali, na kutoa mahali ni kuwaita wenye makoleo. Alichagua buibui, akaliacha jina. Hiyo ilikuwa tabia yake. Yangu ni nyingine.

Makabati ya buibui pale makumbusho yalikuwa yameshakabidhiwa Loredana Piacentini, binti wa wakulima wa zabibu, maana Prowse alikuwa amepandishwa cheo mpaka ghorofa ya juu. Nikamwandikia, na Loredana akaja mwenyewe. Alikaa na madaftari ya Glenys siku nne, akala nyama ya kondoo bila kuangalia anakula nini, akaondoka na mguu. Baada ya wiki sita akarudi.

"Ni wa yule yule," akasema. "Umevunjika pale pale, na damu ni moja. Dume alitoka hapa kwako, Bi Verna, na alinaswa siku nane kabla ya tarehe ya Prowse."

"Basi mvueni jina."

"Havuliwi. Aliyeitangaza spishi kwanza ndiye anayeandikwa mwishoni mwa jina lake, hata kama aliiba. Kanuni zetu haziulizi tabia ya mtu."

Nilimwambia niliyomwambia kuhusu kanuni zao, na hapa sitayarudia. Akaniacha nimalize, kisha akafungua daftari la Glenys kwenye michoro.

"Lakini tazama. Prowse aliiweka spishi hii kwenye jenasi ya zamani, ile ya buibui wa mchanga. Jenasi ni ukoo, na spishi ni mtoto ndani ya ukoo. Glenys anasema ukoo siyo. Anasema huu ni ukoo mpya, haujawahi kuandikwa, na ameuandika wote humu, mpaka na jina. Ametumia jina la shamba lenu."

"Hakuniambia."

"Akiwa sahihi, ukoo unakuwa wa Tilbrook. Spishi inahamia humo. Na spishi ikihamishwa, jina la aliyeiweka mwanzo hufungwa kwenye mabano, ili kila anayesoma ajue kwamba aliiweka pasipo pake."

"Milele?"

"Milele."

Nilimkatia kipande kingine cha nyama.

"Tatizo ni jike," akasema. "Kinachotenganisha koo kiko ndani ya tumbo la jike aliyekomaa. Mchoro hautoshi. Lazima awepo mwenyewe, kwenye kichupa."

Tukatoka kwenda kuhesabu. Ukame wa miaka mitatu ulikuwa umepita pale. Vigingi arobaini na kitu, na karibu vyote vilisimama pembeni ya mashimo yenye milango iliyooza. Walio hai walikuwa watatu. Wawili walikuwa wadogo, milango yao kama vifungo, hatua chache tu kutoka kwa namba tisa, bila shaka binti zake. Wa tatu alikuwa namba tisa mwenyewe. Loredana alipiga goti akamgusa kifuniko kwa unyasi, naye akaushika akavuta.

"Ana miaka thelathini na minne," Loredana akasema, na sauti yake ilibadilika. "Tusubiri hawa wadogo. Miaka minne, mitano, mmoja wao atakomaa. Huyu simchimbi, na wewe usimchimbe."

"Nina miaka sabini na moja. Prowse anastaafu mwakani Juni, na mnambandikia jina lake kwenye ukumbi."

"Bi Verna. Usimchimbe."

Nilisubiri mpaka Agosti. Ninataka ijulikane kwamba nilisubiri miezi mitatu, na kwamba kila asubuhi nilipita pale na daftari kama Glenys, nikaandika, namba tisa, mzima. Halafu nikapata kwa posta kadi nzuri yenye ncha za dhahabu. Makumbusho ina heshima kuwaalika marafiki wa Dkt. Prowse kwenye sherehe ya kumuaga, Juni ijayo. Walikuwa wameiandika kwa jina la Glenys.

Nilikwenda saa tatu asubuhi na koleo dogo la bustani. Huchimbi shimo lenyewe. Unachimba handaki pembeni, ukashuka polepole, kisha unafungua ukuta wa hariri kwa upande. Nyonga yangu mbovu ilinifanya nilale kifudifudi kama walivyolala wao wawili. Alikuwa chini kabisa. Alinyanyua miguu ya mbele akanionyesha meno, hakukimbia, hakuwa na pa kukimbilia, alikuwa hajawahi kwenda popote. Nikaisoma ile kadi ya maua kichwani, msaidizi wetu mwaminifu, nikaisoma mara mbili, kisha nikamtoa. Kwenye spiriti alichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Nilimpeleka Perth mwenyewe, chupa nimeifunga mkanda kwenye kiti cha abiria. Loredana aliitazama ile chupa na hakunisalimia.

"Nilikuambia," akasema.

"Ulinishauri. Sasa ameshakufa. Utamwacha afe bure?"

Alinigeuzia mgongo. Lakini aliichukua chupa, na aliifanya kazi, kwa sababu yeye ni mtu wa kazi. Tangu siku hiyo aliniandikia mambo ya lazima tu.

Alhamisi ile ya skonzi, Mei iliyofuata, Prowse alifika saa nne kasoro dakika tano. Amezeeka, shingo imebaki ngozi, lakini kofia bado mkononi. Koleo alilisimamisha kwenye ukuta wa baraza. Alikula skonzi ya kwanza harakaharaka kwa adabu, macho yakienda dirishani kuelekea bandani.

"Ni huku nyuma, siyo?" akasema. "Nimekuwa nikiwaza njia nzima. Kumbe wameenea mpaka huku magharibi."

"Hawajaenea, Des. Hawajawahi kuwa kwingine."

Akacheka kidogo. "Dume alitoka Yorrabin."

"Nani alimtoa?"

Nikamwekea skonzi ya pili, na pembeni ya sahani nikamwekea makala, imetoka Jumatatu kwenye jarida la ng'ambo. Nikaiweka upande wake wa kusoma.

Nilimtazama akisoma, na sikupoteza hata dakika moja. Majina ya waandishi juu, Tilbrook na Piacentini, Tilbrook kwanza. Ukoo mpya. Alipofika kwenye ramani alikaa hapo sana. Ile nukta ya Yorrabin ilikuwa imefutwa, na mahali pake pameandikwa kwamba eneo lililotajwa awali si la kweli, kwamba dume alinaswa na G. Tilbrook tarehe 3 Mei 2009 kwenye shamba binafsi, na kwamba mguu wake wa tatu wa kulia umehifadhiwa. Mahali penyewe Loredana alikuwa amepaficha. Kisha akafika kwenye jina kamili la spishi, na Prowse wa mwisho kabisa, ndani ya mabano.

"Miaka kumi na miwili," akasema. Hakusema kwa hasira. "Alijua nachimba mchanga?"

"Alicheka mpaka akatoa machozi. Mara moja tu, lakini alicheka. Mimi ndiye niliyecheka kila mwaka."

"Ulikuwa unanipungia mkono."

"Nilikuwa."

Alitikisa kichwa taratibu. "Nilitaka kumwandikia. Mwanzoni nilitaka. Halafu siku zikapita, mkuu akauliza, nikajaza ile fomu..."

"Kula skonzi yako."

Hakula. Ule ufa kwenye kikombe aliukuna kwa ukucha. Nilikuwa nimeupanga mwisho wake kichwani: atainuka amekunjamana, atalisahau koleo, nitamwita kutoka barazani, Des, umesahau koleo lako. Miaka mitano niliutunza mwisho huo. Badala yake akauliza swali ambalo sikuwa nimelipangia jibu.

"Na namba tisa? Bado yupo? Ningependa kumwona kabla sijaondoka, kama utaniruhusu. Nikitoka hapa sirudi tena."

Nilimmiminia chai ambayo hakuiomba. Aliniangalia, kisha akairudia makala, akafunua nyuma kwenye picha za jike. Akasoma vipimo. Upana wa mlango. Umri unaokadiriwa.

"Ni yeye," akasema.

"Alikuwa peke yake aliyekomaa."

"Loredana alimchimba?"

"Mimi."

Saa ya ukutani ilipiga nusu. Prowse aliikunja makala mara mbili, akaiweka juu ya skonzi asiyoila.

"Glenys alikuwa na ule mguu miaka yote," akasema. "Angeniangusha siku yoyote aliyotaka. Unajua kwa nini hakuniangusha?"

"Najua."

"Basi tumemwibia wote wawili, Bi Verna. Mimi jina. Wewe kitu alichokipenda kuliko jina."

Nilimwambia atoke nyumbani kwangu. Nilisema zaidi ya hayo, na mengine nilisema kwa sauti iliyomtoa mbwa chini ya meza. Alichukua kofia yake, akachukua na koleo lake, hakulisahau. Pikapu ilizunguka getini ikashika barabara ya magharibi, na sikumpungia.

Mvua ya kwanza ya Mei ilinyesha mchana ule ule. Jioni kabla jua halijazama nilikwenda nyuma ya banda nikiegemea fimbo. Wale wadogo wawili walikuwa wamefungua milango, kila mmoja kiasi cha unywele mmoja tu. Kigingi cha tisa kipo, sikukitoa, na pembeni yake lile handaki langu lilikuwa limejaa maji ya matope. Kwenye ukingo wa handaki alikuwepo dume, mweusi, miguu ya shaba, miguu yote minane. Alikuwa akigonga udongo kwa miguu ya mbele, kama wanavyogonga mlangoni kwa jike, akasikiliza, akasogea kidogo, akagonga tena.

Ukiniuliza kama ningerudia, ningerudia. Ningemchimba hata leo, na ningemtazama Prowse akisoma mabano yake mpaka macho yanichoke. Jina la dada yangu lipo pale linapostahili na hakuna atakayelitoa. Lakini nilisimama pale mvua ikininyeshea, na dume hakuacha kugonga.

"Hayupo," nikamwambia. "Nenda."